Chembe za Rumonge: kwa nini mawese hugawanyika, ndagala hukauka na ziwa halichanganyiki

Kwenye barabara kuu inayotoka Bujumbura na kufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi Nyanza-Lac, mawese huuzwa kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika na kwenye madumu ya njano. Ukipita Rumonge asubuhi na mapema msimu wa kiangazi, utakuta chupa moja ina rangi mbili. Juu kuna mafuta mekundu, mepesi, yanayopitisha mwanga. Chini kumetuama kitu kizito cha rangi ya chungwa iliyopauka, ukiinamisha chupa hakitembei. Mgeni aliyeshuka kutoka milimani hushuku mara moja.

“Mama, huku chini umetia nini?”

“Ngoja jua lipande, mwanangu.”

Na kweli, jua likishaipiga ile chupa vya kutosha, yote huwa nyekundu kutoka shingoni hadi kitakoni. Hakuna aliyeongeza kitu wala aliyepunguza.

Rumonge ni mji wa mawese na wa samaki. Upo kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Ulipewa hadhi ya kuwa mkoa mwaka 2015, kisha mgawanyo mpya wa mwaka 2025 ukauingiza ndani ya mkoa wa Burunga. Michikichi imeanzia karibu na maji ikapanda hadi kwenye miteremko ya vilima, na katikati yake zimetapakaa mashine ndogo za kukamulia, zenye mapipa ya kuchemshia ngazi, yaani matunda ya mchikichi, na vijana wa kuzungusha mkono wa chuma. Kiswahili kinasikika sokoni, mwaloni na msikitini, sawa na kule Buyenzi jijini Bujumbura au ng’ambo ya maji Kigoma. Ukitaka kuwafundisha watoto somo la hali za maada, yaani vitu vigumu, vimiminika na gesi, sidhani kama katika Afrika Mashariki yote kuna darasa zuri kuliko mji huu.

Lakini somo lenyewe lina kasoro. Vitabu vya shule huchora visanduku vitatu. Katika cha kwanza vidoti vimepangwa safu kwa safu: hicho ni kitu kigumu. Katika cha pili vidoti vimelegea kidogo: kimiminika. Katika cha tatu vimetawanyika: gesi. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, anarudi nyumbani na kukuta chupa ya mawese ambayo haiingii kwenye kisanduku chochote. Sina ugomvi na michoro hiyo, isipokuwa inanyamazia jambo moja ambalo ndilo roho ya habari nzima: chembe za kitu kimoja, katika joto lile lile, hazina mwendo mmoja. Zipo zinazokwenda taratibu, zipo za wastani, na zipo chache zinazokwenda mbio kuliko zote. Joto tunalolipima kwa kipimajoto ni wastani wao tu. Riziki ya Rumonge, karibu yote, inatokana na zile chembe ambazo wastani hauzisemei.

Tuanze na hiyo chupa. Mawese si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa molekuli za mafuta za aina nyingi, na kila molekuli ina mikia mitatu mirefu ya kaboni. Karibu asilimia 44 ya mikia hiyo ni ya asidi ya palmitiki, ambayo imenyooka. Asilimia 40 hivi ni ya asidi ya oleiki, ambayo ina kipindo katikati. Aliyewahi kufunga mzigo wa kuni atalielewa hili haraka: vijiti vilivyonyooka hulala pamoja vikashikana, lakini vikiwamo vilivyopinda mzigo haukazi. Molekuli zenye mikia iliyonyooka hukaribiana sana, na mvutano kati yake unakuwa mkubwa kiasi kwamba huhitaji joto jingi ili ziachane. Zenye mikia iliyopinda hubaki huru hata kwenye ubaridi.

Usiku wa kiangazi joto la Rumonge hushuka hadi kiasi cha nyuzi 20. Chembe zinapunguza kasi. Zile zilizonyooka zinashindwa kuuvunja mvutano wa jirani zao, zinajipanga, zinakuwa punje ndogo ngumu, na kwa kuwa zimebanana zaidi zinakuwa nzito kuliko mafuta yaliyozizunguka, hivyo zinazama. Asubuhi una chupa yenye kitu kigumu chini na kimiminika juu, na vyote viwili ni mawese halali. Maji yana nyuzi yake moja ya kuyeyukia, yaani sifuri. Mawese hayana nyuzi moja, huanza kulainika mapema na humaliza kuyeyuka kati ya nyuzi 33 na 39 hivi, kutegemea yametoka kwenye ngazi za namna gani na yamekamuliwaje.

Viwanda vikubwa duniani vimejenga biashara nzima juu ya tofauti hiyo. Hupoza mawese polepole kwenye matangi, huchuja, kisha huuza sehemu nyepesi kama mafuta ya kupikia na sehemu ngumu kwa watengenezaji wa sabuni, majarini na mishumaa. Mitambo hiyo ni ya fedha nyingi, nayo inafanya kile ambacho usiku wa Rumonge unakifanya bure kando ya barabara. Kwa hiyo muuzaji makini huyapasha moto mafuta na kuyakoroga kabla ya kuyapima. Asipofanya hivyo, wa kwanza kununua huondoka na mafuta mepesi na wa mwisho huondoka na malighafi ya sabuni.

Wachakachuaji nao wapo, tusidanganyane. Anayetia maji hutegemea kwamba maji yatajificha chini, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Mtu mzima wa Rumonge hahangaiki na maabara. Huweka kijiko cha mafuta juu ya moto na kusikiliza. Mawese safi hupata moto kimya kimya, lakini yenye maji hulia na kuruka. Joto likifika karibu na mia, chembe za maji hugeuka mvuke ghafla ndani ya mafuta ambayo bado ni kimiminika, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke hudai nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Kile kishindo ni maji yanayotafuta nafasi.

Habari hizi za chembe zilichukua muda mrefu kukubalika. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea wa Uskoti, aliangalia kwa hadubini vumbi dogo lililotoka kwenye chavua likielea majini, akaliona linatikisika bila kukoma, ingawa maji yametulia. Akadhani ni uhai. Akajaribu na vumbi la mawe, likatikisika vile vile. Mwaka 1905 Albert Einstein alitoa hesabu iliyoonyesha kwamba vumbi hilo linapigwa na molekuli za maji kutoka kila upande, na kwa kuwa mapigo hayalingani, linasukumwa huku na huku. Jean Perrin, akifanya kazi Paris, akaipima hesabu hiyo kwa majaribio ya subira ya ajabu, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo walikuwapo wakemia na wanafizikia wakubwa, Wilhelm Ostwald mmoja wao, waliokataa katakata kwamba atomu zipo. Ostwald alikuja kusalimu amri mwaka 1909. Kwa hiyo mtoto wa Rumonge anayesita kuamini kwamba maji ya mtungini yanatikisika ndani kwa ndani asichekwe.

Sasa twende mwaloni, kwenye ndagala.

Ndagala ndio dagaa wa Tanganyika, samaki wadogo wa fedha wenye urefu wa kidole, wanaovuliwa usiku kwa taa. Alfajiri mitumbwi inarudi, mzigo unagawanywa kwa ndoo na mabeseni, na wanawake wanaanza kuanika. Samaki mbichi ana maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Ili akae wiki kadhaa bila kuoza, maji hayo lazima yapungue hadi asilimia 15 hivi, ambapo bakteria na ukungu hawana tena cha kunywa. Piga hesabu. Kilo 100 za ndagala wabichi zikikauka sawasawa hubaki kilo 30 pungufu kidogo. Kilo 70 za maji zimekwenda. Zimekwendaje, na hakuna aliyezichemsha?

Hapa ndipo visanduku vitatu vinapokwama kabisa, kwa sababu mwanafunzi amefundishwa kwamba maji hugeuka gesi yakifika nyuzi mia. Ndagala wa Rumonge hawafiki hata nusu ya hapo. Jibu ni zile chembe za mbio. Ndani ya utando wa maji ulio juu ya ngozi ya samaki, wengi wa molekuli wanakwenda kwa mwendo wa wastani na wameshikwa na mvutano wa wenzao. Wachache, kwa kugongwa na huyu na yule, wamejikuta na kasi kubwa kuliko kawaida. Mmoja wao akiwa usoni kabisa mwa maji na ameelekea juu, huukata mvutano na kuondoka. Jua linaingiza joto jipya, wengine wanapanda kasi, nao wanaondoka. Maji yanahama moja moja, bila povu wala kelele.

Anayeondoka huchukua mali. Kwa kuwa wanaotoka ndio wenye kasi, wanaobaki wana wastani mdogo zaidi, yaani wamepoa. Ndiyo maana ukitoka kuoga ziwani upepo unakutetemesha hata saa saba mchana. Na ndiyo maana kukausha ni kazi ghali sana kwa upande wa joto: kilo moja ya maji, ili igeuke mvuke katika joto la kawaida la Rumonge, hudai kilojuli 2,400 na ushei. Joto hilo hilo lingeweza kuchukua zaidi ya lita saba za maji ya ziwa na kuzifikisha kwenye kuchemka. Nikizidisha kwa zile kilo 70, kisha nikafikiria mafiga matatu ambayo hupoteza sehemu kubwa ya moto pembeni, napata kuni zinazopita kilo 50 kwa kila kilo 100 za samaki. Michikichi na vilima vya Rumonge visingestahimili. Jua ndilo linalolipa gharama hiyo, kila siku, na hakuna anayeliandika kwenye daftari la mapato.

Jua peke yake halitoshi, na hapo ndipo maarifa ya mwanika samaki yanapoonekana. Chembe zilizotoka haziendi mbali. Hewa iliyo juu tu ya samaki hujaa mvuke, na baadhi ya chembe hugonga tena maji na kunaswa. Hewa ikishiba, wanaorudi wanalingana na wanaoondoka, na samaki hata akibaki hapo siku nzima hakauki ng’o. Upepo ndio unaoivunja hesabu hiyo: huifagia hewa iliyoshiba na kuleta kavu. Muulize mama yeyote wa mwaloni achague kati ya jua kali lisilo na upepo na mawingu mepesi yenye upepo wa ziwani, utashangaa jinsi anavyofikiri kabla ya kujibu.

Zamani ndagala walimwagwa juu ya mchanga. Mchanga hupata moto sana, kweli, lakini upande wa chini wa samaki umezibwa, unyevunyevu unaotoka huko unanaswa kati ya samaki na mchanga, na jioni umande unarudisha maji yaliyokwisha kuondoka. Mbuzi, kuku na miguu ya watu huongeza ya kwao. Mlaji naye husaga mchanga kwa meno. Kuanzia mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kueneza chanja za kuanikia kwenye mwambao wa Burundi, Mvugo upande wa Nyanza-Lac ikiwa mojawapo ya sehemu za mwanzo: miguu ya miti, kimo cha kiunoni, juu yake wavu wa waya. Kwa taarifa za shirika hilo, ukaushaji uliokuwa ukichukua siku tatu mchangani ulishuka hadi kiasi cha saa nane. Hakuna injini wala umeme. Kilichobadilika ni kwamba samaki ana pande mbili za kutolea chembe badala ya moja, na upepo unapita chini ya tumbo lake. Katika miradi yote ya maendeleo niliyowahi kuisoma, michache imeielewa fizikia ya mahali pake kwa bei ndogo namna hii.

Mukeke, yule samaki mrefu ambaye Kigoma humwita mgebuka, hakubali utaratibu huo. Ni mnene. Maji yaliyo karibu na mfupa lazima yasafiri hadi kwenye ngozi kabla ya kuruka, na ndani ya nyama chembe hujipenyeza polepole mno. Jua likizidi, ngozi hukauka ikawa gamba na kuyafungia maji ndani. Nje unaona samaki mkavu, ndani anaoza. Kwa hiyo mukeke hupasuliwa, au hutiwa chumvi, au hupelekwa kwenye moshi, au, na mimi ndivyo ninavyompenda, huchomwa siku ile ile na kuliwa na ndizi.

Harufu nayo ni chembe zinazosafiri. Molekuli za hewa ya Rumonge huenda kwa kasi inayokaribia mita 500 kwa sekunde. Ungetegemea harufu ya chanja iliyo umbali wa hatua mia ikufikie kabla hujapepesa jicho. Haifiki hivyo, kwa sababu kila chembe hugongana na nyingine mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila mgongano huigeuzia njia. Hewa ikitulia kabisa harufu hujikokota. Inayokufikia haraka imebebwa na upepo.

Ukitoka mwaloni ukapanda gari linalokwenda milimani, kwenye eneo la Mugamba lililo juu ya mita 2,000, utakutana na lalamiko la jikoni: maharage hayaivi. Watu hulaumu mbegu, hulaumu maji, hulaumu kuni mbichi. Mbegu zina lawama yake, maharage ya zamani ni magumu kweli. Lakini kuna jambo jingine. Maji huchemka pale chembe zake zinapokuwa na nguvu ya kutengeneza mapovu ya mvuke ndani ya sufuria huku hewa ikiyakandamiza kutoka juu. Hewa hukandamiza kwa sababu chembe zake zinaupiga uso wa maji bila kupumzika. Ukipanda mlima, chembe hizo zinapungua, mkandamizo unapungua, na maji yanapata ruhusa ya kuchemka mapema. Ufukweni Rumonge, ambako ni kiasi cha mita 775 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Mugamba ni 93. Kileleni Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi wenye zaidi ya mita 2,600, ni 91 hivi. Ukichochea moto zaidi hupati maji ya moto zaidi, unapata mvuke mwingi na kuni kidogo. Nyuzi nne tu zinaweza kuonekana ndogo, lakini maharage huiva kwa mabadiliko ya kikemia ambayo hupungua kasi haraka joto likishuka. Anayefunga mfuniko na kuukandamiza na jiwe anajaribu kuishusha sufuria yake hadi ufukweni. Sufuria ya presha hufanya zaidi, humpeleka chini ya bahari, kwenye nyuzi 120.

Taa za wavuvi zina hadithi yake, nitaisema kwa kifupi. Kwa miaka mingi ziwa liliwaka karabai. Mvuvi hupampu hewa ndani ya tangi, mafuta ya taa yakapanda kwenye kijibomba kilichokwisha kupashwa moto, humo yakageuka mvuke kabla ya kuwaka, na mwali wa mvuke huo ukaipiga soksi nyeupe mpaka ing’are. Asiyeipasha moto kwanza hupata moshi na masizi, kwa sababu kinachowaka vizuri ni mvuke wa mafuta. Mafuta yenyewe yakiwa bado kimiminika hayapati hewa ya kutosha. Soksi hiyo, aliyoibuni Mwaustria Carl Auer von Welsbach mnamo miaka ya 1880, huangaza ikiwa kitu kigumu kisichoyeyuka katika moto huo. Siku hizi mitumbwi mingi, hata ile pacha mikubwa inayoitwa apolo, imehamia kwenye taa za betri na za sola, ambazo mwanga wake hutoka ndani ya kipande kigumu bila chochote kuungua. Bei ya mafuta imewasaidia kuamua. Ndagala hawajalalamika, wanaufuata mwanga wowote, ila mbalamwezi ikiwa kamili wanatawanyika na wavuvi wanapumzika.

Sasa ziwa lenyewe, ambalo kwa macho ni kimiminika kimoja kutoka hapa hadi Zambia. Urefu wake unakaribia kilomita 673 na kina chake cha mwisho ni mita 1,470. Ni Baikal pekee linaloshinda kwa kina. Juu, maji huwa na nyuzi 24 hadi 28 kulingana na msimu. Chini kabisa ni zaidi kidogo ya nyuzi 23. Tofauti ni ndogo, mtu akitia mkono anaweza asiitambue. Lakini tofauti hiyo imeligawa ziwa pande mbili kwa maelfu ya miaka.

Chembe za maji yenye joto hutikisika zaidi na hukaa mbalimbali kidogo. Lita moja ya maji ya juu, yakiwa na nyuzi 26, ina uzito pungufu kuliko lita ya maji ya chini kwa gramu 0.6 hivi. Inatosha. Maji mepesi huelea juu ya mazito, na upepo ukiyasukuma hayakubali kuzama. Na kuna ujanja ambao nchi za baridi hazina: maji yanavyozidi kuwa ya moto, ndivyo kila nyuzi moja inavyoyapanua zaidi. Karibu na nyuzi nne nyuzi moja zaidi haibadilishi uzito wowote wa maana. Kwenye nyuzi 25, nyuzi moja hiyo hiyo ina kishindo mara kumi na zaidi kuliko kwenye nyuzi tano. Maziwa mengi ya Ulaya hupinduka yenyewe kila mwaka yanapopoa, na maji ya juu na ya chini yakasalimiana. Tanganyika halipinduki.

Kwa hiyo oksijeni inayoingia usoni haifiki chini. Upande wa kaskazini, ulipo mwambao wa Burundi, ukipita kina cha mita 100 hivi oksijeni inakwisha, na chini zaidi maji yana gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Msomaji atauliza: si chembe zinatembea mamia ya mita kwa sekunde, kwa nini oksijeni isijiendee yenyewe? Ndani ya kimiminika chembe zimebanana, kila hatua ni mgongano. Molekuli ya oksijeni ikiachwa ijitafutie njia kwenye maji yaliyotulia kabisa, huchukua kama miaka minane kusogea mita moja. Na muda haukui kwa mstari: mita mia hazihitaji mara mia, zinahitaji mara elfu kumi, yaani miaka 80,000. Bila mkondo, kwa vipimo vya maisha ya samaki, chini hakufikiki.

Chini huko ndiko iliko mbolea. Kila kilichokufa juu huzama, huoza, na kuacha fosforasi na nitrojeni gizani. Mimea midogo inayoelea, ambayo ndagala huishi kwa kula wadudu wanaoila, inaihitaji mbolea hiyo juu, penye mwanga. Kiunganishi ni upepo wa kusini-mashariki wa Mei hadi Septemba. Hulisukuma tabaka la juu kuelekea kaskazini, likarundikana upande wa Burundi, na upande wa Zambia maji ya chini yakapanda kuziba pengo. Upepo ukilegea, tabaka lililoinama hurudi likiyumba kwa wiki kadhaa kila mzunguko, na kaskazini nako hupata mgao wake kuelekea mwisho wa mwaka. Wavuvi wa Rumonge walizijua nyakati hizo kabla ya mtafiti yeyote kushusha kipimajoto.

Mwaka 2003 zilitoka tafiti mbili kubwa, moja ikiongozwa na Catherine O’Reilly na nyingine na Piet Verburg. Zote zilionyesha kwamba ziwa limepata joto katika karne ya 20, juu zaidi kuliko chini, hivyo tofauti ya uzito imeongezeka na mchanganyiko umepungua. O’Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo midogo umeshuka kiasi cha asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma mabaki ya samaki kwenye matope ya sakafuni na kukuta kwamba upungufu ulianza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujashamiri. Matokeo hayo yamezua mabishano, na wengine wanayatumia kuwaosha wavuvi dhambi zote. Mimi siwafuati. Nyavu zenye macho madogo zipo, makokoro ya ufukweni yapo, na mitumbwi imeongezeka. Ziwa linalochanganyika kidogo linahitaji kuvuliwa kidogo, hoja hizo mbili hazigombani.

Nchi nne zenye ziwa, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zina Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura, na kupitia ushirikiano huo likapatikana wazo la kupumzisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kwa upande wa samaki tarehe hizo zina mantiki: ni wakati upepo unapopandisha mbolea na ziwa linapojilisha. Lakini zitazame ukiwa umesimama kwenye chanja. Kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba ndicho kiangazi cha mwambao, wakati hewa ni kavu, upepo ni wa uhakika, na ndagala aliyetandazwa asubuhi anafungashwa jioni. Ziwa likifunguliwa katikati ya Agosti, kiangazi kimebakiza wiki chache. Oktoba mvua zinarudi, hewa inashiba mvuke, na samaki wengi wanaotarajiwa baada ya mapumziko wanakuta chembe zinazorudi zinalingana na zinazoondoka. Anayepanga tarehe za kufunga ziwa kwa kuangalia mazalia peke yake atapata samaki wengi zaidi majini na wengi zaidi wanaooza mwaloni, isipokuwa kama atatenga pia fedha za mabati ya kufunika chanja na za vikaushio vya jua, ambavyo hupasha hewa joto kabla haijamfikia samaki ili ipate tena nafasi ya kubeba mvuke.